Mzee anasahau? Msikimbilie kusema ni uzee

Ukitaja kifafa, wengi wetu tunafikiria mtu aliyeanguka chini akitetemeka. Lakini kuna kifafa kisichomwangusha mtu. Mzee anaamka asubuhi, anatembea na kuongea vizuri, ila kwa nusu saa hivi anauliza swali lile lile mara kumi. Baadaye hakumbuki lolote. Nyumbani wanasema ni uzee. Kumbe huenda ni kifafa, tena cha aina ambayo mara nyingi hutulizwa na dawa.

Kipimo kinachoweza kusaidia hapa ni EEG. Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Elektrodi zinabandikwa kichwani na kupima umeme mdogo mno. Kwa sisi watu wa tarakilishi hizo ni namba tu: chaneli 20, vipimo 256 kwa sekunde, kwa nusu saa unapata zaidi ya namba milioni 9.

Ndiyo sababu waandishi wengi wa programu wanatamani kuunda ile itakayotoa jibu moja: ana kifafa au hana. Mimi sikubaliani nao.

EEG safi haimaanishi kwamba mtu hana kifafa. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, hipokampasi, imejificha ndani, mbali na elektrodi. Isitoshe, mara nyingi dalili hujitokeza mgonjwa akiwa usingizini, huku yeye amerekodiwa akiwa macho. Programu haiwezi kuona kitu ambacho hakikurekodiwa. Ikiandika "hana", mzee anarudishwa nyumbani na uzee wake wa kusingiziwa. Nayo ikikosea upande wa pili, atameza dawa miaka na miaka bila sababu.

Programu ninayoitaka ni ya unyenyekevu zaidi. Ipitie rekodi ndefu ya usingizi, iweke alama palipo na mawimbi ya kutiliwa shaka, kisha daktari aamue. Itumie muundo wa EDF, ulio wazi kwa wote tangu 1992, ili rekodi isomeke katika hospitali yoyote. Tena iwe na nafasi ya maelezo ya aliyelala nyumba moja na mgonjwa, maana yeye ndiye aliyelisikia lile swali mara kumi. Hilo halimo kwenye mawimbi.