Chombo Kisicho na Mti

Siku ya mashindano ya vyombo katika mji wa Lamu, ukingo wa bahari hujaa watu. Wazee hutambua tanga kwa mbali, wakamtaja nahodha kabla chombo hakijakaribia. Wanawake hupiga vigelegele. Na wenye chombo kilichoshindwa husemwa kwa siku nyingi. Kwa watu hao bahari si njia ya kupitia tu. Ni shamba lao, na ndiyo furaha yao pia.

Mwezi wa Septemba 2018 watu wa Lamu walishuhudia chombo kikishushwa majini, wala hakikujengwa kwa ajili ya kushindana. Jina lake ni Flipflopi. Urefu wake ni kama mita 9. Na tangu mkuku hata mataruma, mahali pa mti pamewekwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini, ikayeyushwa, kisha ikachongwa. Ubavuni kimevikwa vipande vya kandambili zilizotupwa, zipatazo 30,000, vyenye rangi nyingi kama leso za sikukuu. Bwana Ali Skanda, fundi stadi wa Lamu, aliongoza kazi hiyo kwa ufundi wa mikono uliorithiwa kwa wazee.

Mwaka 2019 chombo hicho kilitweka tanga na kusafiri kama kilomita 500 mpaka Unguja. Kila kilipotia nanga, watu walikuja kukitazama, na hapo ndipo mafundisho yalipoanza. Mwaka 2021 kilichukuliwa hadi Kisumu, kikazunguka katika ziwa Victoria ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zinalitumia kwa pamoja. Sehemu ya Kenya katika ziwa hilo ni ndogo kuliko zote, kama 6 kwa mia tu. Lakini maji hayajui mpaka, na uchafu wa jirani mmoja huwa ni uchafu wa wote.

Huenda msomaji akauliza: Je, chombo kimoja kitasafisha bahari? Swali hilo ni la haki. Tani chache za plastiki zilizotumika ni kama tone tu. Lakini tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi husahauliwa kabla ya jua kuchwa, na mtoto aliyeona kandambili kuukuu zikielea juu ya maji na kubeba watu hatasahau. Kazi ya chombo hicho ni kuonekana.

Wala mkulima wa bara asidhani kwamba habari hii ni ya wavuvi peke yao. Mto Tana, unaopokea maji ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, huingia baharini karibu na Kipini, si mbali na Lamu. Mto Nairobi huungana na Athi, ambao huko chini huitwa Galana na kisha Sabaki, nao humwaga maji yake karibu na Malindi. Basi chupa inayotupwa leo mferejini nyuma ya duka, mvua ya masika ikinyesha, imekwisha anza safari ya kwenda pwani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa tukumbuke kwamba huweza kujaza bahari vilevile.

Tangu Agosti 2017 sheria ya Kenya inakataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na mabadiliko yameonekana. Lakini askari hawezi kusimama penye kila mfereji usiku na mchana. Fundi wa Lamu ameonyesha mahali takataka hizo zinapoishia. Mahali zinapoanzia anapajua mwenye boma, mwenye duka na karani anayerudi nyumbani jioni akiwa na chupa tupu mkononi.