STAA, VIFAA VYA MADOGO VIKO WAPI? ULIKUTA KLABU HAI, UKAIACHA MAITI

Haya wadau, leo hakuna habari ya nani kaachana na nani. Leo ni ishu ya msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, jina kapuni, na shule moja ndogo ya kata kule Temeke. Shule ilimpokea kama mfalme, yeye akaiacha na hali mbaya kuliko alivyoikuta. Mashabiki wake wataanza kutukana kabla hawajafika katikati. Poa tu, ila wasome mpaka mwisho.

Shule yenyewe madarasa ya kuhesabu, ukumbi hakuna, chumba cha muziki ndo usiseme. Lakini klabu ya sanaa ilikuwepo na ilikuwa hai kinoma. Aliianzisha ticha mmoja wa Kiswahili. Kwa kuwa hakuwa na bajeti hata ya rangi, akafanya kitu ambacho walimu wengi hawakifikirii: akatoka nje ya geti akaanza kubisha hodi kwa majirani.

Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, mpiga ngoma wa zamani, akawa anakuja kila Ijumaa baada ya vipindi. Ngoma zake mwenyewe, na hakudai hata hela ya bodaboda. Mama mmoja fundi cherehani akashona mavazi ya igizo kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kibandani kwake. Kijana mchoraji wa Tingatinga akawafundisha madogo kushika brashi, mpaka ukuta wa choo cha shule watu wakawa wanaupiga picha. Wazazi ambao hawajawahi kukanyaga kikao cha shule wakaanza kuja kuangalia watoto wao wakiigiza. Kuna dogo wa kidato cha pili, mtoro sugu, Ijumaa alikuwa wa kwanza kufika.

Ndipo staa akaalikwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, maana alisoma hapo. Alichelewa saa tatu, madogo wako juani na mavazi yao ya ngoma. Alipofika akashika maiki akaahidi kinanda, spika, seti nzima ya ngoma mpya, na mwalimu wa muziki atakayemlipa kwa hela yake mwenyewe. Vyote kabla mwezi haujaisha! Yowe lilisikika mpaka stendi. Jioni picha zikapanda Instagram, sifa zikamiminika, "kioo cha jamii" na maneno kama hayo.

Sasa hapa ndo pabaya. Uongozi wa shule ulivyopagawa na jina kubwa, ukamwambia mzee wa ngoma apumzike kwanza, mwalimu wa staa anakuja. Mama fundi akaambiwa mavazi yatatoka kwa mdhamini. Mchoraji akaambiwa atapigiwa simu. Mwezi ukaisha, muhula nao ukaisha. Simu ya staa haipokelewi, meneja wake kila siku ana jibu moja tu, "bosi yuko safarini." Video mpya imetoka, na madogo wamo humo nyuma yake wanacheza na sare za shule. Hakuna mzazi aliyeombwa ruhusa, hakuna dogo aliyepewa hata soda. Na Ijumaa pale shuleni sasa hivi ni kimya. Yule mtoro karudi kijiweni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kaugua.

Utetezi wa mashabiki unajulikana: hela ni zake, hakuna wa kumlazimisha. Sawa, hakuna aliyemlazimisha. Ndo maana angeweza kupunga mkono, akala pilau akaondoka, na leo Ijumaa ngoma ingekuwa inalia. Ahadi ni deni, na hili deni lina watoto ndani yake. Kutumia watoto wa shule kutafutia kiki halafu kuzima simu siyo kusaidia jamii, ni kuitumia.

Na mkuu wa shule asijifiche nyuma ya staa. Yeye ndiye aliyefukuza waliokuwa wanakuja ili apokee aliyesema atakuja. Sasa kageuka, anasema kumbe bora klabu ife, sanaa inapotezea wanafunzi muda wa masomo. Muda gani? Muziki, uchoraji na sanaa za maonyesho ni masomo yanayotahiniwa na NECTA kidato cha nne. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, na sanaa imo. Bagamoyo kuna chuo cha serikali cha sanaa tangu 1981, hii TaSUBa ya leo. Serikali isingejenga chuo kwa ajili ya uhuni.

Halafu tuulizane, hiyo Tingatinga inayouzwa kwa watalii ilianzia kwa mdhamini gani? Edward Saidi Tingatinga alichora pale Oysterbay miaka ya 1960 mwishoni, kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Akawafundisha ndugu na vijana wachache waliokuwa karibu naye. Alifariki 1972, na hao wachache ndio walioibeba mpaka dunia ikaijua. Sanaa inakua kwa anayekaa karibu na wewe kila wiki, siyo kwa anayepita na msafara.

Kwa hiyo, staa, leta vifaa au sema wazi huwezi, na wazazi wa watoto waliomo kwenye video yako uwatafute uongee nao. Bodi ya shule, kuanzia leo mgeni akiahidi, iandikwe na tarehe, asaini, na asiondolewe mtu anayejitolea mpaka mzigo uonekane getini. Mkuu wa shule, kwa yule mzee usitume mwanafunzi na kibarua. Nenda mwenyewe kwa miguu, siyo mbali, ukamwombe radhi.

Na ninyi mliosoma hapo mkawa mafundi, madereva, wapishi, wapiga gitaa wa kanisani: saa moja ya Ijumaa inawashinda?

Wadau, wa kulaumiwa zaidi ni nani, staa au shule? Na mtaani kwenu nani aliahidi akapotea? Tiririkeni hapo chini, matusi yaacheni nyumbani.