Mume na Mke wa Gusii Washuke Pwani Pamoja

Jiwe la Tabaka limesafiri kuliko wanaolichonga. Katika machimbo ya Mugirango Kusini wanaume hulitoa ardhini na kulichonga, wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae, kisha hupakiwa na kupelekwa hadi vibanda vya Mombasa na Diani, ambako watalii hulinunua wakitoka kuogelea. Mojawapo ya sanamu zinazopendwa sana ni ile ya mume na mke waliokumbatiana, miili miwili ndani ya jiwe moja. Huchukuliwa na wageni kutoka Ujerumani, Uingereza na Italia waliokuja kupumzika wawili wawili kando ya bahari, wakaenda nayo kwao iwe kumbukumbu ya siku hizo. Ni nadra sana aliyeichonga na aliyeing'arisha kupata siku kama hizo wao wenyewe. Kwa muda mrefu tumeona jambo hili kuwa la kawaida, kana kwamba kupumzika na mwenzi wako ni mali ya watu wa ngozi nyingine. Mimi nashikilia kwamba mume na mke wa Kisii na Nyamira wanapaswa kuondoka nyumbani wawili tu, bila watoto na bila jamaa, wakakae siku tatu au nne ufuoni. Kila mwaka uwezo ukiruhusu, na kila baada ya miaka michache ukiwa haba. Na nasema hivyo kwa sababu ya ndoa zetu zenyewe, si kwa sababu ya uzuri wa bahari.

Hebu tuzitazame safari ambazo wanandoa wetu huzijua. Ipo safari ya kazi, ambayo babu zetu waliianza walipokwenda kuchuma chai ya Kericho chini ya wakoloni, na ambayo wajukuu wanaiendeleza Nairobi na Mombasa. Ipo ya hospitali, na ipo ya mazishi. Katika safari ya kazi aghalabu mume huenda peke yake na mke akabaki na shamba. Katika safari ya hospitali mmoja ni mgonjwa na mwingine ni mlinzi. Katika ya mazishi hukaa mbali mbali, mume na wazee, mke jikoni na akina mama. Utapata watu waliooana miaka 25, wakalea watoto sita, wakajenga nyumba ya matofali, na ambao hawajapata kupanda gari moja kwenda mahali wasikoitwa na shida. Kwa walimu mambo yamekuwa magumu zaidi. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ilipoanza, mnamo 2018, kuwahamisha wakuu wa shule mbali na kaunti zao, nyumba nyingi zilibaki na mzazi mmoja wa katikati ya wiki na mwingine wa Ijumaa jioni. Sera hiyo ililegezwa baadaye baada ya malalamiko mengi, lakini miaka ile haikurudi.

Kisha kuna chai. Watu wa Nyansiongo, Kebirigo, Tombe na Ogembo hawahitaji kuelezwa jinsi majani mabichi yalivyo bwana mkali. Yakikomaa hayangoji, na yakichumwa ni lazima yafike kituo cha kununulia siku ile ile. Mahindi humpa mkulima miezi ya kungoja. Mchai haumpi hata mwezi mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa kila mwajiriwa nchini siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya kazi. Mwenye shamba dogo la chai hana kifungu chochote. Mkewe, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kikapu mgongoni hata pale namba ya kuuzia chai ikiwa ya mume, ana pungufu zaidi, kwa maana akitoka shambani anaingia jikoni. Siku 21 za serikali ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye mwajiri. Asiye na mwajiri itabidi ajiandikie zake, na hakuna atakayemkumbusha.

Wapo watakaosema: kama ni kupumzika, si wapumzike nyumbani? Hewa ya Gusii ni safi, ndizi ni tele, mlima wa Manga unapendeza kuutazama, ya nini kwenda kuchomwa na jua la Mombasa? Hoja hii inasikika kuwa ya busara mpaka tuulize ni nani anayepumzika. Mume akichukua likizo nyumbani, mke huongezewa kazi. Chai ya saa nne inatakiwa, wageni wa mume wanafika, obokima, yaani ugali, unasongwa mara mbili, na mume mwenyewe huishia kusimamia mafundi au kwenda kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Likizo ya Desemba ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ndugu wanarudi kutoka mijini, vijana waliotahiriwa wanatoka jandoni, kuna harusi, kuna mikutano ya ukoo, na nyuma ya yote karo ya Januari inasubiri mlangoni. Ni mwezi wenye furaha yake na sitaki mtu auache. Lakini tusidanganyane kwamba ni mapumziko ya mume na mke. Mwanamke wa Gusii hupumzika siku ile mtu mwingine anapopika, anapoosha vyombo na anapotandika kitanda, na siku hiyo haipatikani katika boma lake mwenyewe.

Kuna sababu nyingine, na hii naiona kuwa nzito kuliko zote. Abagusii wana adabu iitwayo chinsoni, ile haya na heshima kati ya wazazi na watoto waliokomaa. Kwa chinsoni baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, maneno fulani hayatamkwi mbele ya watu fulani, na mwili hufichwa. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeishi na kufanya utafiti Gusii katika miaka ya 1950, aliiona kuwa nguzo ya maisha ya boma. Mimi siilaumu. Imelinda heshima ya wazee na imewapa vijana mipaka. Lakini fikiria mume na mke wanaoishi hatua chache kutoka mlango wa wazazi, shemeji upande huu na binamu upande ule, katika kaunti ya Kisii, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ina nafasi kidogo zaidi, ila si nyingi. Hapo mume hamshiki mkewe mkono njiani. Hawacheki kwa sauti. Wakitofautiana, hunong'ona au hunyamaza, na neno lililonyamaziwa miaka kumi hugeuka kuwa jiwe kifuani. Chinsoni haikukusudiwa kuwatenganisha wanandoa. Ilikuwa na mipaka yake enzi ambazo ardhi ilikuwa kubwa na nyumba zilikuwa mbali mbali. Leo ardhi imegawanywa mpaka mistari ya migomba ndiyo ukuta. Dawa yake haiko katika kuvunja mila. Wanandoa watoke kwa siku chache nje ya macho ya mila, waongee mpaka wamalize, kisha warudi waitii kama kawaida.

Ndiyo maana nataja bahari, na si mkahawa wa Kisii mjini. Mjini utakutana na mjomba. Ufuoni Diani, Nyali au Watamu hakuna anayekujua kama mwana wa fulani. Watu wa pwani wenyewe walilielewa hili kitambo. Kiswahili kina neno fungate, siku saba ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani wakitunzwa, chakula kikiletwa, kazi zote zikiwa mikononi mwa wengine. Neno hili ni la kale kuliko hoteli yoyote ya kitalii. Kwa hiyo anayesema kwamba wanandoa kujitenga wapumzike ni mambo ya Wazungu, anaisahau lugha anayoisema. Upungufu wa fungate ni mmoja tu: huja mara moja, wakati ambapo wawili hao hawana cha kuzungumza ila matumaini. Wenye kuihitaji zaidi ni wale wa mwaka wa 15, wenye madeni, mtoto wa sekondari na mzazi mgonjwa.

Sasa kuhusu fedha, maana hapo ndipo wengi watakaponiacha. Mkulima wa chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa amelalamika miaka mingi kwamba bonasi yake, yale malipo ya mwisho wa mwaka wa chai, ni ndogo kuliko ya mwenzake wa mashariki, na malalamiko hayo ni ya haki. Siwezi kumwambia mtu aache karo akanunue chumba chenye bwawa la kuogelea. Anayekopa kwa simu ili aende pwani amebeba mzigo wake akaupeleka pwani. Lakini tuhesabu kwa uaminifu. Nauli ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipandishwa mwanzoni mwa 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000, na juu yake nauli ya kutoka Kisii kupitia Narok. Hoteli kubwa ni ghali, ni kweli. Hata hivyo Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa katika orodha ya ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mwenye chumba cha bei nafuu Ukunda au Mtwapa anakanyaga mchanga ule ule anaokanyaga aliyelipa mara kumi zaidi, na hakuna askari wa hoteli mwenye haki ya kumwondoa hapo. Tena sisi ni watu tunaojua kuchanga. Tunachanga kwa tenti, kwa spika, kwa magari ya matanga, na hatuulizi fedha zimetoka wapi kwa sababu tumekubaliana kwamba kumzika mtu ni wajibu. Nauliza tu kama aliye hai naye hana sehemu katika mifuko yetu.

Atakuja mwingine na Biblia mkononi. Nyabururu ilipokea wamisionari wa Kikatoliki 1911 na Nyanchwa ikawapokea Waadventista mwaka uliofuata, na tangu hapo eneo hili limekuwa na imani iliyozama sana. Muumini huogopa anasa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu fuo zina pombe na zina mengine ambayo sitayataja. Lakini ni nani aliye tayari kulielewa pumziko kuliko Mwadventista, ambaye kila Ijumaa jua likitua huacha jembe kwa sababu ameamriwa? Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ina sheria iliyomwachilia mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani kwa mwaka mzima, ili akae na kumfurahisha mkewe. Sheria iliyomtoa askari katika jeshi kwa ajili ya furaha ya mke haiwezi kumkataza mkulima kuacha kikapu siku nne. Pombe iko Keroka pia. Anayeitaka hasafiri kilomita mia nane kuitafuta.

Na wale wazee wasemao kwamba ndoa zao zilidumu bila bahari, nawajibu kwa heshima: zilidumu, ila kudumu si kipimo pekee. Waliodumu wakiwa wamenyamaziana wanajulikana katika kila kijiji, na watoto wao wanajua zaidi.

Kwa aliyeshawishika, machache ya vitendo. Mwenye chai aangalie Oktoba: bonasi imeingia, tohara hazijaanza, bei za Desemba hazijapanda, na pwani iko katika demani, wakati upepo wa kusi umelegea na bahari imetulia. Mwalimu ana Aprili na Agosti. Aprili kuna mvua, lakini ndipo hoteli nyingi hushusha bei. Msifikie kwa ndugu aliyeko Likoni au Magongo, hata akikasirika. Ukilala kwake umekuwa mgeni, mke atashika sufuria, na jioni itaisha kwa habari za nyumbani. Msalimieni siku ya mwisho, mkiwa na mkungu wa ndizi. Sisi wa milimani wengi hatujui kuogelea, kwa hiyo ulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, na maji yasiwapite kiuno. Simu izimwe, angalau mchana, na picha zingoje. Asiyeweza kufika pwani ana ziwa karibu, Homa Bay au Mbita, ambako machweo ya jua juu ya Rusinga yanatosha. Ila maji ya kando ya ziwa yana kichocho, basi akae kando ayatazame tu.

Bonasi ikiingia mwaka huu, baba, kabla hujamwambia ndugu yako wala jirani, mwite mama watoto mketi mezani wawili. Karo itolewe kwanza, mbolea ifuate, kisha mkubaliane tarehe, iandikwe kwenye kalenda ukutani, na mumwombe shangazi au dada aje akae na watoto. Mama naye asiseme kwamba kazi ni nyingi. Chai hiyo itachumwa na mtu wa kibarua kwa siku nne.