Kimemi: parsele za bondeni zichimbwe shimo kabla ya kuuzwa

Mvua ikinyesha mnatupigia simu: maji yameingia nyumbani kando ya mto Kimemi. Leo nasema juu ya hatari nyingine ya bonde hilo, tetemeko.

Tunaishi pembeni ya Bonde la Ufa. Wazee wa Beni wanakumbuka tarehe 20 Machi 1966, ardhi ilipotikisika upande wa Ruwenzori na kuua watu zaidi ya mia moja, Kongo na Uganda. Wengi wenu mliona ya Goma, Mei 2021: Nyiragongo ilipokwisha kulipuka, matetemeko yalifuatana siku nyingi, barabara na kuta zikapasuka.

Sasa tazameni kando ya mto. Palipokuwa matete, watu wanamwaga udongo, vifusi, hata takataka, wanasawazisha, kisha wanaita parsele. Juu pakavu, chini tope. Ardhi laini hutikisika kuliko mwamba wa kilimani. Na mchanga uliojaa maji ukitikiswa kwa nguvu, chembe zake huachana, udongo unakuwa kama uji, nyumba inazama upande mmoja. Hapo simenti nyingi ukutani haisaidii kitu.

Anayekwenda kukaa huko mara nyingi ni familia iliyokimbia vita, kama hao waliotoka Kanyabayonga mwaka 2024, kwa sababu bei ni nafuu. Watu wanasema wamejitakia. Mimi sikubali. Mgeni hajui kilichofukiwa, muuzaji anajua.

Kwa hiyo naomba komini iweke sharti moja: parsele ya bondeni isiuzwe kabla ya kuchimbwa shimo la mita 2 mbele ya mnunuzi. Yakionekana maji ama takataka, muuzaji aondoe tope, achimbe mifereji, ajaze mawe na changarawe tabaka kwa tabaka, akishindilia kila moja. Asipoweza, pabaki shamba la mboga. Mianzi inashika ukingo, ndiyo, lakini haigeuzi tope kuwa mwamba. Na anayetaka kujenga ghorofa alete injinia apime chini zaidi.

Familia ambazo tayari ziko huko, msiharakishe kubadilisha nyumba ya mbao kwa matofali. Mbao na mabati ni vyepesi, tena vikianguka haviui upesi kama ukuta wa matofali.

Shimo hilo vijana wawili wanalimaliza kwa siku moja.