Siku tuliyoyataja madeni yetu

Juma lililopita tuliwaahidi kuandika juu ya akiba ya karo za shule. Habari hiyo tumeiweka kando kidogo, kwa sababu kila baada ya mkutano kuna wawili watatu wanaobaki nyuma mlangoni, wanatuuliza kwa sauti ya chini: hivi deni la mtu linaishaje? Basi leo tunajibu kwa sauti.

Tuanze na mwenzetu mmoja. Tutamwita Mama Samaki, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na yeye mwenyewe ameturuhusu tuseme habari yake bila jina. Anauza samaki wa Tchomia na makayabo hapa kwetu Lumumba. Mwaka jana alianza kukosa mikutano. Mara ya kwanza tulisema ni malaria. Mara ya pili tukasema pengine ni mtoto. Kisha mmoja wetu akakutana naye asubuhi mapema, beseni kichwani, akizunguka njia ya nyuma ambayo ni ndefu mara mbili, ili tu asipite mbele ya duka la mtu fulani. Hapo tulielewa kabla hajafungua kinywa.

Alikuwa amekopa dola 100. Hakukopa kwa ajili ya kitenge wala karamu. Shemeji yake alikimbia kutoka Djugu na mke na watoto, nyumba ikaongezeka watu sita, na mtaji wa samaki ukapungua kila siku. Hakuna aliyeuiba. Uliliwa kwenye sahani, bugali baada ya bugali. Nyumba ngapi hapa Bunia zinajua jambo hilo? Mlango unapogongwa usiku na ndugu ana watoto mgongoni, hakuna mama anayehesabu mtaji kwanza.

Basi akaenda kwa banki lambert. Neno hilo hatuna haja ya kulieleza, ingawa inachekesha kidogo kwamba benki ya kweli iliyoitwa Lambert ilikuwa Brussels, na iliungana na nyingine mwaka 1975. Yetu haina ofisi wala mlinzi. Ni jirani, ni mwenye duka, na tuseme ukweli, mara nyingine ni mama mwenzetu anayeketi nasi kanisani. Anakupa pesa saa ile ile. Wewe unaacha telefoni, au karatasi ya kiwanja, na riba ni 30, 40, hata 50 kwa mia kila mwezi.

Mama Samaki alipewa kwa 40. Tulipoketi naye tulifanya hesabu kwenye daftari lake, na tunaomba muifuate nasi. Kila mwezi alipeleka dola 40, akidhani analipa deni. Kumbe alikuwa analipa riba peke yake. Miezi sita, dola 240. Na deni? Bado 100, kama siku ya kwanza. Mwezi wa saba hakupata kitu, deni likaandikwa 140. Mwezi wa nane riba ikahesabiwa juu ya hiyo 140, yaani 56 nyingine. Ikawa 196. Alipoona namba ile imeandikwa kwa kalamu yetu, alisema neno moja tu: "Kumbe nimekwisha kulipa." Akalia. Wengine nasi tulilia.

Hatusemi mkopeshaji ni shetani. Siku mtoto anapolazwa hospitali, ni yeye anayefungua mlango, si benki. Lakini mtu anayekubali mama amletee 240 kwa ajili ya 100 na bado amdai 196, huyo anajua anachofanya.

Sasa, wengi wanafikiri tulimchangia. Hapana. Tungemchangia yeye, na wale wengine je? Tulichofanya ni kidogo zaidi. Tulikuwa na kikundi chetu cha WhatsApp cha kutangaza mikutano, vifo na ndoa. Tukafungua kingine kidogo, cha wamama 11 wenye madeni tu. Tulichagua telefoni kwa sababu jioni wengi hawapendi kutembea mbali, na wenzetu wawili walikuwa wamehama, mmoja Aru na mwingine Kampala, lakini madeni yao yalibaki hapa. Tuliamua kutuma sauti, si maandishi, kwa sababu si wote wanasoma kwa urahisi. Kila Ijumaa jioni kila mmoja anasema mambo matatu: nadaiwa kiasi gani, juma hili nimelipa kiasi gani, na nini kimenishinda. Aliyelipa anatuma picha ya daftari lenye sahihi ya mwenye kupokea.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa kimya hadi saa mbili usiku. Kisha Mama Samaki akasema: 196. Wa pili akasema 60. Wa tatu, ambaye sote tulimwona tajiri kwa vitenge vyake na viatu vyake, akasema 410. Hakuna aliyejibu kwa dakika nyingi. Kisha zikaja zote, moja baada ya nyingine, hadi saa nne.

Tangu siku ile tuliona jambo moja: mama anayejua kwamba Ijumaa atasema, anaweka kitu. Hata franka 2,000. Juma moja mwenzetu wa makala alituma picha ya franka 500 akicheka mwenyewe, na alipewa pongezi kuliko aliyelipa dola 20, kwa kuwa sote tulijua juma lake lilikuwaje.

Jambo lililosaidia kuliko yote halikuwa kwenye telefoni, lilikuwa miguu. Wawili wetu tulimsindikiza Mama Samaki hadi kwenye lile duka alilokuwa akilizunguka, tukiwa na daftari. Mwenye duka alikasirika kwanza. Alisema ataita polisi, mama huyo alale kashoo. Hapa tuseme wazi, maana tisho hili linawafanya wamama wengi wauze hata mabati ya nyumba: kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jela. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Kudanganya ili upate pesa, au kuuza kitu cha mtu ulichokabidhiwa, hayo ni mambo mengine na yana adhabu. Ndiyo sababu deni wakati mwingine linavishwa jina la utapeli likifika polisi. Mama anayeambiwa aje kituoni asiende peke yake, na achukue daftari lenye yote aliyolipa.

Tulisoma hesabu mbele ya mwenye duka, polepole. Wateja walikuwa wanaingia. Nafikiri, samahani, sisi tunafikiri hicho ndicho kilichomlainisha. Kutoka 196 alishuka hadi 120, bila riba nyingine, dola 6 kila juma kwa majuma 20. Tuliandika karatasi mbili, kila mmoja akabaki na yake, mashahidi wakatia sahihi.

Tusijisifu lakini. Mwezi wa pili tulifanya kosa kubwa. Mmoja wetu alimpelekea dada yake sauti ya yule mama wa 410, si kwa ubaya, alitaka kumwonyesha kwamba hata wakubwa wanadaiwa. Sauti ikatembea. Siku ya tatu ikafika kwa mume wake, ambaye hakujua kitu. Mwenzetu alilala nje ya nyumba yake usiku tatu, na akatoka kwenye kikundi bila neno. Kosa hilo ni letu sote, kwa sababu tulifungua kikundi bila kuapishana kwanza. Sasa sheria yetu ni ya kwanza kusemwa: sauti haitoki humu, na anayeitoa anatoka nayo.

Jambo hilo lilituletea swali la waume. Sheria ya familia ilibadilishwa Julai 2016. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Sasa sheria inataka mume na mke wapatane juu ya mapatano yanayowafunga, kila mmoja peke yake au pamoja. Yaani hata mume naye asikope kwa siri. Wengine kati yetu wanasema: mwambie mumeo leo hii. Sisi hatusemi hivyo kwa kila nyumba, maana tunazijua nyumba zetu. Tunasema: kama kwako hakuna usalama wa kusema, sema kwanza kwa mtu mzima anayeheshimiwa na nyinyi wawili, kisha yeye aketi nanyi.

Neno juu ya AVEC, kwa kuwa mmeuliza sana. Wengi wenu mko ndani: sanduku lenye kufuli tatu, wenye funguo watatu, hisa kila juma, mkopo wa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mpango huu ulianza mwaka 1991 kwa wanawake wa Maradi, kule Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, na leo umefika hadi kwetu. Je, mtu akope AVEC ili alipe banki lambert? Kwa hesabu, ndiyo: riba ya 5 au 10 kwa mia haiwezi kufanana na 40, na riba ile inarudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Lakini mmoja wetu alifanya hivyo, akalipa nusu tu, nusu ikaliwa, na baada ya miezi miwili alikuwa na madeni mawili, la pili likiwa la wenzake. Kwa hiyo kamati imeamua: mkopo wa namna hiyo hautoki mkononi mwa mkopaji. Tunakwenda naye, unatoka kwenye sanduku na kuingia kwa mwenye kudai, mbele ya watu.

Mama Samaki alimaliza kwa majuma 23, si 20. Majuma matatu njia ya ziwa ilikuwa mbaya na samaki hawakupanda. Alisema hivyo Ijumaa zote tatu, na wawili wetu tukaenda kumweleza mwenye duka. Picha ya mwisho aliyotuma ni ya ukurasa wenye mistari 20 ya dola 6, na karatasi ya deni imepasuliwa juu yake. Siku hizi anapita mbele ya duka lile. Hata sabuni ananunua pale, jambo ambalo sisi tusingeweza.

Yule mama wa 410 amerudi kikundini. Tulikwenda kwake watatu kuomba msamaha, tukapewa chai. Sauti yake ya Ijumaa iliyopita ilikuwa fupi: zimebaki 275, juma hili amelipa 5, kilichomshinda ni kodi ya nyumba.

Kati ya wale 11, wanne wamemaliza. Kuna nafasi. Anayetaka kuingia aje Alhamisi saa tisa, kabla ya mkutano mkubwa, na daftari na kalamu. Siku ya kwanza unaweza kuandika namba ya deni bila jina.