Hakuwa Akideka

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, hapa Maskati kama kwengineko duniani, hutajwa muuguzi Florence Nightingale na taa yake. Maradhi yake hayatajwi. Leo nayataja mimi.

Mei 1855, siku chache baada ya kutoka Scutari kwenda Balaclava kukagua hospitali za vita, homa ilimwangusha. Nusura afe. Aliinuka, akarudi kazini mpaka vita vikaisha, lakini homa haikumwacha. Ilimrudia kwa zaidi ya miaka 20: mgongo ukimuuma hata asiweze kutembea, moyo ukimwenda mbio, usingizi ukimruka, huzuni ikimzamisha. Na kitandani humo humo akaandika vitabu na ripoti zilizobadilisha hospitali.

Malipo yake? Kuambiwa anajitia! Hata mwaka 1974, mwenyewe keshalala kaburini, tabibu George Pickering alimtia katika kitabu chake *Creative Malady*, akidai maradhi yale yalikuwa ya nafsi, tena yakimfaa kwa kuwafukuza wageni ili afanye kazi zake. Ilipofika 1995 ndipo D.A.B. Young alipozipanga dalili zile moja moja, akaonesha kuwa zinalingana na ugonjwa wa brusela sugu.

Brusela! Nani Dhofari asiyeijua? Kijidudu chake David Bruce alikiona Malta mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akakigundua kwa mbuzi wa huko, na 1906 wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikaporomoka. Nightingale alikuwa hai bado, kikongwe wa miaka 86.

Sasa niambieni: haya yanajulikana kwa zaidi ya karne. Vipi basi kila khariif, msimu wa manyunyu wa Dhofari, tunaendesha gari kilomita elfu moja hadi Salalah, tukasimama njiani, tukanunua maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi, bado yana povu, tukawapa watoto? Eti yana baraka, eti ukiyachemsha umeyaua. Baraka haifi kwa moto. Kinachokufa ni kijidudu.

Wiki kadhaa baadaye mtu anaanza homa za jioni. Jasho linarowesha shuka, viungo vinauma, na uso wake mzima kabisa. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mke huambiwa mvivu. Kijana huambiwa anakimbia kazi. Muuguzi ndiye asiyeaminiwa kabisa, kwa kuwa "dalili amezisoma". Tiba ya brusela ni dawa mbili kwa pamoja, wiki sita kwa uchache, na anayeacha katikati huweza kurejewa. Nani atazimaliza wiki sita ilhali nyumba nzima inamwambia anadeka?

Chemsheni maziwa. Na mtu akikwambieni mwezi wa pili huu mgongo unamuuma na jioni anashikwa na homa, msimpime kwa uso wake. Mpelekeni akapimwe damu, na kabla daktari hajauliza, mwambieni alikunywa maziwa mabichi, wapi na lini.