Matembezi ya Jamaa: Kisiwa cha Saanane



Likizo ya shule ikikaribia, katika nyumba nyingi za hapa Igoma wazazi huanza kuulizana watoto wapelekwe wapi. Mwenye uwezo huwapeleka kwa bibi yao shamba. Asiye nao huwaacha wakizunguka barabarani, au wakikodolea macho simu mchana kutwa, kisha jioni huwagombeza kwa uvivu ambao kwa hakika ni wake mwenyewe. Mwezi huu napenda kuwaelezeni habari za mahali palipo karibu nasi mno, na ambapo wengi wetu hatujapata kupakanyaga.

Hapo ni Saanane, kisiwa cha mawe na miti kionekanacho toka Capri Point, mahali ambapo mashua haichukui hata robo saa kufika. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hicho hata Serikali ilipomhamisha na kuanzisha hapo, mwaka 1964, bustani ya wanyama ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1991 kikafanywa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilometa za mraba 2.18 tu, wala hapana hifadhi ya taifa Tanzania iliyo ndogo kuliko hiyo. Watu hutoka Ulaya kuja kuitazama, nasi tunaoishi mwendo wa daladala moja twasema hatuna pa kwenda!

Walakini sitaki kuwalaumu watu wa Igoma pasipo kueleza sababu yetu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia kupita kiasi, mamia ya watu walikufa, na wengi wao walizikwa hapa kwetu. Watoto wetu hupita kando ya makaburi hayo. Tulipokwisha kuanza kusahau, kivuko cha MV Nyerere nacho kikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228. Basi ziwa kwetu si mahali pa mchezo.

Mke wangu alimpoteza kaka yake katika MV Bukoba. Hajulikani kaburi lake ni lipi. Tangu siku ile mke wangu hakupanda chombo chochote cha majini, na hata safari za kwenda Bukoba kwa jamaa zake alizifanya kwa basi, akizunguka ziwa. Nami sikupata kumshurutisha. Mwaka jana binti yetu wa miaka 11 alirudi kutoka shuleni na habari za wenzake waliokwenda Saanane, akaomba aende. Nikanyamaza. Mama yake akafikiri siku tatu, kisha akasema, "Baba fulani, tutakwenda sote. Siwezi kumpeleka mtoto mahali ninapopaogopa nikabaki nyumbani."

Tuliondoka Jumapili asubuhi, tukapita Nyakato, Buzuruga na Mabatini mpaka mjini, kisha tukashika njia ya Capri Point, ilipo ofisi ya hifadhi. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya kile cha wageni, na mtoto asiyetimiza miaka 5 hatozwi. Heri kuuliza bei mapema, pamoja na nauli ya mashua, kabla hujawaahidi watoto.

Pale gatini mke wangu alisimama. Akawahesabu abiria kwa kidole, mmoja mmoja, kisha akayahesabu majaketi okozi. Akamwuliza nahodha chombo chake huchukua watu wangapi. Kijana yule hakukasirika. Akajibu vizuri, wala hakuongeza mtu. Ndipo mama akazikaza kamba za jaketi la binti yetu mara mbili, akaingia, akafumba macho mpaka ng'ambo. Nilimshika mkono, naye aliuminya hata ukaniuma.

Kisiwani hapana simba wanaorandaranda, na kwa sababu hiyo mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi. Swala pala wanatembea huru, tumbili wako juu ya miti (wezi wakubwa wa maandazi!), na pimbi huota jua juu ya majabali. Wako kobe, kenge, na mijusi wenye vichwa vyekundu ambao binti yetu aliwafuata kwa muda wa saa nzima. Wapendao ndege na wachukue darubini. Juu ya majabali utauona mji wa Mwanza umepanda vilima vyake, nyumba juu ya nyumba, na waweza kudhani ni mji mwingine usioujua. Yapo pia mahali pa kukaa kivulini na kula. Chukueni chakula chenu katika kikapu au mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 2019, na mabaki mrudi nayo.

Juu ya maji nasema waziwazi: mtoto asiogelee. Mamba wapo, na maji ya ukingoni yana kichocho. Sisi tulitawadha kwa maji ya chupa tuliyotoka nayo nyumbani, tukasali Adhuhuri chini ya mti. Kibla kwa mtu aliyeko Mwanza ni kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki; nalitaja kwa kuwa mle kisiwani nilimkuta bwana mmoja akigeuka huku na huko, mkeka mkononi.

Wakati wa kurudi mke wangu aliwahesabu watu tena. Safari hii hakufumba macho. Katikati ya maji binti akamwuliza, "Mama, mjomba alizama hapa?" Akamjibu, "Si hapa," akamweleza meli ilitoka wapi, ilikuwa ikienda wapi, na ilikuwa imepakia watu wengi kiasi gani. Mambo hayo hakupata kumweleza hata siku moja.

Ijumaa iliyofuata alikwenda makaburini kama desturi yake, akamchukua na mtoto.